Gari Lililokataa Kona ya Kushoto

Ni saa moja kasorobo asubuhi mjini Kitengela. Punda wa kwanza wamekwisha kupita na mikokoteni ya maji. Ndani ya chumba kimoja nyuma ya maduka ya mbao, Lorine Namalwa amepiga magoti, jicho lake likiwa usawa wa meza.

Juu ya meza kuna kioo kinene, na juu ya kioo kuna gari la rangi ya machungwa ambalo urefu wake hauzidi mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Bodi lake limevuliwa. Imebaki mifupa: magurudumu manne ya mpira, springi nne, betri na nyaya. Namalwa anaingiza ncha ya kisu chini ya pua ya gari, katikati kabisa, kisha analinyanyua polepole huku akizuia pumzi.

"Angalia magurudumu ya mbele," anasema bila kugeuka. "Yote mawili lazima iache kioo pamoja. Moja ikitangulia, gari imejikunja. Itapinda vizuri upande mmoja, ule mwingine itakataa."

Magurudumu yanaacha kioo pamoja. Anajaribu tena, na tena. Kila mara yanaondoka kama watu wawili wanaoinuka kutoka kwenye benchi moja. Fundi mwingine angefurahi. Namalwa anaketi sakafuni na kukifuta kisu kwa ncha ya leso yake.

"Hapa iko sawa," anasema. "Jana pia hapa ilikuwa sawa. Na kule nje ikakataa."

Namalwa, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ni fundi wa magari madogo ya mashindano, yale yanayoendeshwa kwa rimoti. Mtu asiyeyajua huyaita vitu vya watoto. Ukweli ni kwamba wenyewe ni watu wazima: wafanyabiashara, walimu, wahasibu wanaopanga nyumba katika mitaa mipya ya Kitengela na kushindana Jumamosi kwenye lami. Magari hayo hukimbia kasi ambayo macho hupata shida kuifuata. Lisilorekebishwa vyema halina thamani yoyote kwenye kona ya kwanza.

Kazi yake ni kuyafanya yatii usukani. Hupima gari linavyokaa juu ya ardhi, mbele na nyuma. Huinamisha vichwa vya magurudumu ndani kidogo, ili mpira uikamate lami gari linapolala kwenye kona. Huchagua springi, na mafuta mazito au mepesi ya kuzituliza, kulingana na joto la lami.

"Springi ya mbele ikiwa ngumu sana, pua inateleza inaenda nje," anaeleza. "Ukiilegeza, pua inauma. Lakini ukilegeza kupita, mkia unataka kutangulia kichwa. Sasa wewe unatafuta pale katikati."

Hapo katikati amepapoteza tangu mvua za Aprili.

Gari la rangi ya machungwa ni la Njuguna, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye aliyewaleta wateja wengi katika chumba hiki. Kulia hupinda kama linavyoagizwa. Kushoto hukataa. Jana jioni walilijaribu kwenye lami ya kituo cha mafuta kilichofungwa, na kwenye kona ya kushoto likaenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta, huku mshindani wake, kijana aitwaye Kahiga, akishika mbavu kwa kicheko.

"Njugush, hiyo si gari, ni mkokoteni ya maji!" Kahiga alipaza sauti. "Itafutie punda!"

"Punda ni wewe, tena wa kukodisha," Njuguna alimjibu, lakini hakucheka.

Baadaye alilikabidhi gari hilo kwa Namalwa kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala. Maneno yake yalikuwa ya upole, na kwa sababu hiyo yaliuma zaidi.

"Mama Caro, hii ni mara ya tatu. Jumamosi tuko Kajiado. Ikikataa tena, itabidi nimpelekee mtu wa Nairobi. Si kwa ubaya. Wewe unajua."

Namalwa anajua. Njuguna akiondoka, wengine watamfuata. Wawili wamekwisha kuondoka bila kuaga. Chumba hiki hulipiwa kodi kwa kazi hii, na karo ya bintiye Caroline, aliye kidato cha pili, hutoka papa hapa. Nyumbani Kimilili, shemeji yake amemwambia zaidi ya mara moja kwamba kuna mahali pa kujenga, arudi alime. Akipoteza meza hii, atarudi.

Lakini meza hii haikuanza kuwa yake.

Mumewe, Wangila, alifanya kazi miaka mingi katika gereji moja kando ya barabara ya Namanga, akipima na kunyoosha magurudumu ya magari makubwa, kazi ambayo madereva huiita alaimenti. Mteja mmoja alimletea gari dogo kwa mzaha. Wangila alilirekebisha, likashinda, na mzaha ukawa riziki. Alikodi chumba, akanunua kioo kilichokuwa kaunta ya duka la dawa lililofungwa, akaunda meza ya kukibeba.

Kisha figo zikaanza kushindwa. Alikuwa akirudi kutoka hospitalini kusafishwa damu, mikono ikimtetemeka, spana ikianguka. Ndipo Namalwa, ambaye wakati huo alikuwa akiuza mitumba, alipoketi kando yake.

"Nilijifunza kazi kwa kuwa mikono yake," anasema. "Yeye anasema robo, mimi nazungusha robo. Anasema rudisha, narudisha. Siku moja nikageuza kabla hajasema. Akaniangalia, akacheka. Akasema, 'Sasa naweza kulala.' Mimi nilikasirika sana. Sikutaka alale."

Alimfundisha kanuni moja ambayo haivunji hadi leo: gusa kitu kimoja tu, kisha gari likimbie, usikilize. "Alikuwa anasema ukigusa viwili pamoja, hutajua ni nani ameongea."

Wangila alifariki mwaka juzi na kuzikwa Kimilili. Baada ya mazishi, kama ilivyo desturi, jamaa waliketi kugawana vitu vya marehemu. Koti lilimwendea kaka. Baiskeli ilimwendea mpwa. Lilipofunguliwa sanduku lenye vispana vidogo na gari la buluu alilokuwa akishindana nalo mwenyewe, watu walitazamana.

"Shemeji alishika ile gari, akaizungusha gurudumu, akasema, 'Hii ni vitu ya watoto. Namalwa, rudi nayo,'" anakumbuka. "Watu wakacheka. Mimi nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Hakuna mtu alijua kwamba wamenipatia kila kitu."

Aliporudi Kitengela alijiwekea ahadi. Meza ya Wangila haitasogezwa. Mumewe aliisawazisha kwa pima maji siku walipohamia, akakata vipande vya tairi na kuviweka chini ya miguu miwili, akachora duara la rangi nyeupe sakafuni kuuzunguka kila mguu. Namalwa hufagia kuizunguka. Gari la buluu huliacha juu ya rafu, na hajalegeza hata skrubu moja ambayo Wangila aliikaza.

Ni ahadi ambayo mtu yeyote aliyewahi kufiwa ataielewa. Ni ahadi pia iliyokaribia kumfukuza mjini.

Mlango unasukumwa, unakwama, unasukumwa tena kwa bega. Anayeingia ni Mzee Kinyanjui, mwenye nyumba, mkononi akiwa na randa ya seremala. Namalwa alimlalamikia wiki iliyopita kwamba mlango unakwaruza sakafu.

"Mama Caro, habari ya asubuhi?"

"Nzuri, Baba Shiro. Umekumbuka mlango?"

"Nimekumbuka. Wewe mwenyewe haukubali nisahau." Mzee anachuchumaa, anatazama chini ya mlango, kisha juu, kisha chini tena. Anaiweka randa chini. "Huu mlango siukati."

"Sasa utafungwa na nini? Maombi?"

"Mlango haujafanya makosa. Ni sakafu imepanda. Ona pale kwa ukuta." Anaonyesha ufa mwembamba unaopanda kutoka pembeni mwa chumba. "Hii mchanga yetu nyeusi ikikunywa maji inafura kama unga ya mandazi. Jua ikija inashuka, lakini haishuki vile ilikuwa. Nikikata mlango leo, Septemba utakuwa mfupi, panya waingie wakisalimiana. Wacha kwanza itulie."

Namalwa anainuka na kuusogelea ukuta. Anatazama ufa. Anatazama miguu ya meza ndani ya maduara yake meupe.

"Baba Shiro," anasema hatimaye, "uko na ule mpira wa maji ulitumia kujenga?"

Mzee anarudi nao baada ya muda mfupi: mpira mrefu mwembamba unaopitisha mwanga, uliojaa maji, ambao mafundi wa ujenzi huutumia kutafuta usawa. Yeye anashika ncha moja upande wa kulia wa kioo, Namalwa anashika nyingine upande wa kushoto. Maji yanapanda, yanashuka, yanatulia.

Hayalingani. Tofauti ni upana wa ukucha wa kidole gumba.

"Imelala," anasema Mzee.

"Imelala," Namalwa anarudia.

Kwa fundi wa makabati, upana wa ukucha si kitu. Kwa kazi hii ni kila kitu. Tangu mvua, kila gari lililopanda juu ya kioo hiki lililemea upande mmoja, na Namalwa, kwa uaminifu na mkono mwepesi, alikaza springi hadi magurudumu yakanyanyuka pamoja. Aliyanyoosha magari juu ya meza iliyolala. Yaliposhuka kwenye lami iliyo sawa, yakawa yamejikunja. Kadiri alivyofanya kazi yake vizuri, ndivyo alivyoyaharibu.

Anachuchumaa kando ya mguu wa meza. Kidole chake kinafuata duara jeupe, nusu yake tayari ikiwa imepasuliwa na ufa.

"Ni yeye aliweka," anasema kwa sauti ya chini.

Mzee Kinyanjui, ambaye wapangaji wake humjua zaidi kwa ukali wa tarehe moja, siku ya kodi, anaukunja mpira wake polepole. "Aliweka ikiwa sawa, Mama Caro. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kwa mlango. Wangila alitoka hapa akiwa ameacha meza sawa. Ni hii mchanga yangu imehama."

Anainua upande mmoja wa meza kwa mikono miwili. Namalwa anavitoa vipande vya tairi, kimoja baada ya kingine. Havitupi. Anavitia katika mfuko wa aproni yake, kisha anaanza kukata vipya.

Mchana wote uliosalia unaishia kwenye gari la Njuguna. Analilaza juu ya kioo kilichosawazishwa, anainyanyua pua kwa kisu, na safari hii gurudumu la kulia linatangulia waziwazi, kama shahidi aliyesubiri sana kuitwa. Analegeza springi ya nyuma robo mzunguko. Anapima. Robo nyingine. Anapima. Hagusi kitu kingine chochote, ingawa vidole vinamwasha kurekebisha kila kitu kwa pamoja.

Jumamosi mjini Kajiado upepo unavuma kutoka upande wa Mashuuru na kumwaga vumbi jembamba juu ya lami. Mlinzi wa uwanja, aliyejifunga shuka jekundu, anamsalimu langoni kwa Kimaasai: "Sopa, Mama." Namalwa anajibu, "Epa," na kupita na sanduku lake.

Njuguna amekwisha kufika. Namalwa hamkabidhi gari mara moja.

"Kabla ushike," anamwambia, "nataka nikwambie kitu. Gari yako haikuwa na makosa, na wewe hukuwa unaendesha vibaya. Meza yangu ilikuwa imelala. Tangu mvua. Hata ile ya kijani ya Mwalimu Wacuka niliiharibu vivyo hivyo."

Njuguna anamtazama. Namalwa angeweza kuficha. Hakuna ambaye angejua. Katika mji ambao watu wengi huhofia kwamba kukiri kosa ni kufunga duka, mwanamke huyu amechagua kulikiri kabla ya matokeo kujulikana.

"Na sasa?" Njuguna anauliza.

"Sasa lami itasema."

Magari yanapangwa. Kahiga, rimoti mkononi, hakosi neno. "Njugush, punda umemwacha kwa geti?"

"Leo nimekuja kukusalimia na mgongo wa gari. Utaiangalia sana."

Mwamuzi anapopaza sauti, "Twende!", Namalwa anageuza uso na kutazama upande wa ukuta. Hatazami mashindano. Anasikiliza. Gari linalokataa kona hulia mpira wake ukiburutwa, sauti kama kitambaa kinachopasuliwa. Gari linalopinda hupita na mvumo tu.

Kona ya kushoto ipo mwisho wa uwanja, penye pipa jeupe. Magari yanaikaribia. Mvumo unapanda, unazunguka, unaanza kurudi.

Hakuna kitambaa kilichopasuka.

Midomo yake inasogea bila sauti. Ni baada ya mzunguko wa pili ndipo anapogeuka na kuanza kutazama kama watu wengine. Gari la rangi ya machungwa linaingia kona ya kushoto likiwa limelaza pua ndani, karibu kabisa na pipa, na kutoka likiwa limenyooka. Njuguna, juu ya jukwaa la madereva, ameuma ulimi kama mtoto anayeandika.

Hashindi. Mzunguko wa mwisho, Njuguna akiwa wa pili, Kahiga anajaribu kumpita kwa pupa na kumgonga pale pale kwenye pipa. Magari yote mawili yanabiringika. Njuguna anateremka, analiokota lake, analileta. Gurudumu moja la mbele linaning'inia.

"Imevunjika mkono, Mama Caro," anasema akihema. Kisha uso wake unafunguka. "Lakini imevunjika ikikata kona! Umeona? Umeiona?"

"Niliisikia."

Njuguna analiweka mikononi mwake. Neno Nairobi halitajwi. "Nitaichukua ikiwa tayari," anasema, na kwenda kumtafuta Kahiga ili wagombane vizuri.

Mwalimu Wacuka anakuja kuuliza kama anaweza kuleta lake Jumatatu. Namalwa anamwambia si lake tu. Magari yote aliyoyagusa tangu Aprili yarudi, naye hatadai chochote. Wawili walioondoka bila kuaga wako upande wa pili wa uwanja. Hawaji. Labda watakuja, labda la. Namalwa anawapungia mkono hata hivyo.

Jumatatu asubuhi, chumba cha Kitengela kimebadilika kidogo. Pembeni, saruji ya sakafu imevunjwa na shimo limeanza kuchimbwa. Mzee Kinyanjui, baada ya kunung'unika kwa siku nzima, amekubali. Namalwa anataka kuupita udongo mweusi hadi afike kwenye mwamba, kisha ainue nguzo tatu kutoka huko chini, zisizogusana na sakafu kabisa, na kukilaza kioo juu yake.

"Tatu, kama mafiga," anaeleza. "Sufuria juu ya mafiga haichezi. Na bado nitakuwa napima na maji kila Jumatatu. Hata mwamba sitauamini sana."

Ana mpango mwingine, na kuusema kunamchukua muda mrefu zaidi. Desemba madereva watakutana tena Kajiado. Caroline atakuwa amefunga shule. Namalwa hajawahi kushika rimoti katika mashindano. Siku zote amekuwa mtu wa sanduku na spana.

"Nataka mtoto wangu aione ile ya baba yake ikikimbia," anasema. "Na nataka niiendeshe mwenyewe. Nitakuwa wa mwisho, najua. Kahiga atanitafutia punda."

Anafuta mikono, anapanda juu ya kigoda, na kulishusha gari la buluu kutoka kwenye rafu. Vumbi limeyafunika magurudumu, na mpira wake umekauka kwa kukaa; lazima ubadilishwe kabla ya kukimbia. Analiweka juu ya kioo, ambacho kwa sasa bado kinakalia vipande vipya vya tairi, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Anaingiza ncha ya kisu chini ya pua, katikati kabisa. Ananyanyua.

Magurudumu yote mawili yanaacha kioo pamoja.

Namalwa anakaa hivyo kwa muda, kisu mkononi, gari likiwa limeinua uso wake, bila kulishusha. Nje, mikokoteni ya maji inapita. Kisha analishusha, anafuta macho kwa mgongo wa kiganja, anachagua spana ndogo kutoka katika sanduku la mumewe, na kuilegeza nati ya kwanza kati ya zile Wangila alizozikaza.